Kabla Hujamwita Fundi: Nyumba ya Bibi Kibokoni

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia. Amerithi nyumba ya babu yake Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Ndia Kuu. Yeye na nduguze wameafikiana: roshani ivunjwe, slabu imwagwe, ghorofa mbili za kupangisha zipande. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, plasta ya saruji ukuta wa nje yaweza kula mifuko mingapi?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Swali hilohilo nililiuliza mimi miaka tisa iliyopita.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale huohuo. Kuta za matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko, vyumba vyembamba virefu, maana upana wa chumba zamani ulifuata urefu wa boriti. Bibi alipofariki tulikuwa warithi kumi na mmoja, na mwenye mshahara ni mimi, basi nikajiona bwana mkubwa. Chokaa ya ukuta wa upande wa bahari ilikuwa inadondoka. Nikamleta fundi kijana, tukaikwangua yote, tukapiga saruji, juu rangi ya krimu. Siku ya Idi kila aliyepita barazani alisema mashallah. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, ukuta ukaanza kutoa chumvi. Unga mweupe, ukiupitisha kidole unakwama kwenye mistari ya ngozi. Rangi ikafura malengelenge. Kisha plasta ikaanza kuanguka mapande ya ukubwa wa sinia, na kila pande likishuka na kipande cha jiwe mgongoni. Ami yangu, fundi chokaa wa zamani, alikuja akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama dafu lililokwisha maji.

"Nyumba hini yapumua, mwanangu," akaniambia. "Wewe umeiziba pua."

Matumbawe hunyonya unyevu, na chokaa huuacha utoke. Saruji haiuachi. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka iachie. Jambo la kumweleza mtoto wa darasa la nne likaeleweka, na mimi na digrii yangu sikulijua.

Nami badala ya kumsikiliza ami, nikaona dawa ni kuvunja dari niweke nondo na zege. Nondo, kando ya bahari! Hushika kutu, zikavimba, zege likapasuka. Lakini sikufika huko, kwa sababu barua ya kusimamisha kazi ilifika kwanza.

Sikujua kama Mji wa Kale una mpango wake wa hifadhi tangu 1990. Sikujua Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Sikujua kwamba kibali cha ujenzi ni cha kaunti, lakini ndani ya eneo la hifadhi Makumbusho ya Taifa nayo lazima iseme neno lake. Katiba ya 2010 imegawa kazi: utamaduni na mipango ya mji kwa kaunti, majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu. Ukiisoma yapendeza. Ukiwa kwenye benchi la kungojea, maana yake ni mafaili mawili na makarani wawili, kila mmoja akikuelekeza kwa mwenziwe. Ofisi moja ilinipotezea mchoro, nikalipa kuchora tena. Na wakati huo nyuma ya nyumba yetu jengo la watu linapanda, ghorofa juu ya ghorofa, wala sikuona barua ikibandikwa pale. Hilo bado linanichoma, sitasema uongo.

Miaka ya katikati naipita. Sahihi ya shangazi aliyeko Maskati peke yake ni hadithi ya siku nyingine. Mwezi uliopita ukuta umekwisha, chokaa tupu, na kibali ninacho kwenye fremu sebuleni. Ndiyo, fremu.

Ushauri wangu basi. Nenda kwenye ofisi ya hifadhi kabla ya kumwita fundi. Piga picha kila mlango, kila boriti, kabla hujagusa kitu. Ujue ardhi ni ya nani, kwani Mombasa nyumba bila ardhi ni nyingi, na nyingine ni za wakfu. Kisha nenda ofisini, nimekwisha kusema, lakini narudia: kabla ya fundi.

Tena tuambiane ukweli, watu wa Mvita. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2000, Lamu 2001. Sisi mwaka 2011 ilikuwa Fort Jesus, ngome aliyoijenga Mreno, si nyumba zetu. Watalii wanaipiga picha ngome, wakigeuka nyuma wanatukuta sisi tunabandika vigae vya bafuni kwenye ukuta wa barabarani. Mpango wa mji ukiwa kabatini na mwenye nyumba ana nyundo, nyundo ndiyo itakayoshinda. Serikali ina makosa yake, nimeyaonja. Lakini ile chokaa ya Bibi haikukwanguliwa na serikali.

Msomaji wangu nimemjibu: saruji, hata mfuko mmoja usinunue. Kaniandikia asubuhi kwamba fundi ameshapokea arubuni, na Jumatatu anaanza na roshani.