Unataka Kuua Mtu Kwenye Theluji? Soma Hapa Kwanza

Juzi, siku chache baada ya kurusha sura ya mwisho ya riwaya yangu kwenye kundi la WhatsApp, nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Makete. "Dada, shikamoo. Nimesoma yote, yule muuaji kanitoa jasho. Na mimi nataka kuandika ya mauaji kwenye mji mdogo wa baridi huko Ulaya kaskazini. Baridi naijua, huku kwetu mwezi wa sita majani yanaganda. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa sauti, sauti ikawa hotuba, nikaona bora niandike hapa. Tena najua si wewe peke yako. Nyote mnaonifuata mna muswada uliojificha kwenye simu, msinidanganye.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Chumbageni, Tanga, na ninaishi Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden. Ni mji wa watu kama 17,000 tu, ulioanzishwa mwaka 1900 kwa sababu ya mlima wa chuma. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nazunguka na gari nyumba hadi nyumba, gizani, nawapa dawa, nawapashia chakula, nawasikiliza. Nikirudi, naandika. Miaka ya kuandika usiku huku macho yanafumba sitaisimulia, kila mwandishi anayo yake.

Niseme la mchapishaji, maana ndiyo shule yangu. Muswada ulipokamilika niliupeleka kwa nyumba moja ya vitabu Dar. Jina naliweka, sitaki kesi. Walikaa kimya mpaka nikasahau, halafu siku moja mhariri wao, mtu mzima, akanipigia. "Binti, hadithi ni nzuri. Ila msomaji wa Mbagala theluji inamhusu nini? Ihamishie Lushoto, tutaongea."

Lushoto! Hadithi ambayo maiti inalala nje siku kadhaa na haiozi, haina nzi, haijaguswa na mbwa wa mtu. Lushoto kuna baridi ya sweta, mzee wangu, siyo baridi ya kutunza maiti. Nilimshukuru kwa adabu nilizofunzwa, nikakata simu, nikalia kidogo bafuni. Kusema kweli bado nikilikumbuka lile neno "ihamishie" damu inachemka.

Lakini yule mzee, bila kujua, alinipa kipimo, na ndicho ninachokupa wewe. Chukua hadithi yako, ihamishie Lushoto. Kama hakuna kinachovunjika, basi theluji yako ni pazia tu, na mhariri ana haki. Ikivunjika vipande vipande, kaa nayo huko huko kaskazini, na asikubabaishe mtu. Baridi lazima ifanye kazi ndani ya kesi: ifiche kitu, itunze kitu, imdanganye mpelelezi.

Anza na saa ya kifo. Mtu akifia ndani ya nyumba ya kawaida, mwili unapoa taratibu, kwa makadirio ya haraka nyuzi moja hivi kila saa, na daktari akipima joto anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Misuli nayo hukakamaa na kulegea kwa ratiba yake, na nzi wana ya kwao. Sasa mtoe mtu huyo nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ratiba zote zimechanika. Januari nzi hakuna. Mwili ni mgumu, lakini ni kwa kuganda, na ukakamavu wa kifo huwezi kuutenganisha na barafu. Maiti iliyoganda haipasuliwi hapo hapo. Inaachwa iyeyuke polepole kwenye chumba cha baridi, siku kadhaa, maana ukiiharakisha itaanza kuharibika nje huku ndani bado ni jiwe.

Na hapa Kiruna hatuna hata wa kuipasua. Vifo vya utata vya kaskazini hupelekwa Umeå, kilomita kama 600 kwa barabara, na vielelezo vya maabara huenda Linköping, mbali zaidi kusini. Zile siku za kusubiri ndizo riwaya yangu. Daktari hajasema neno, mji umeshahukumu. Dukani watu wanaacha kusalimia nyumba fulani. Mpelelezi alisoma darasa moja na mshukiwa wake wa kwanza, na mke wa mshukiwa ndiye anayemfundisha mtoto wake. Mji mdogo ni huo, mdogo wangu. Anayetoka Tanga anaujua bila kufundishwa, udaku ni ule ule, tofauti huku wanauongea kwa sauti ya chini.

Saa ya mwili ikishakufa, mpe mpelelezi wako saa nyingine. Mimi nilimpa theluji yenyewe. Maiti imelala juu ya theluji kiasi gani, na juu yake imeanguka kiasi gani? Idara ya hali ya hewa ina rekodi za kila siku. Kama ilianguka Jumanne usiku na haikuanguka tena, umeshapata ukuta wa kuegemea. Na gari: likiwa limeegeshwa wakati theluji inaanguka, halafu likaondoka, linaacha mstatili mweusi wa lami katikati ya weupe. Mtu anaapa alikuwa kwake usiku kucha, na nje ya nyumba yake hakuna mstatili.

Kuna waya pia. Huku magari yanachomekwa kwenye umeme usiku, ili injini ipashwe moto kabla ya kuwashwa. Kwenye maegesho kuna nguzo fupi zenye visanduku, na ndani kuna saa unayoitegesha: nataka kuondoka saa kumi na moja alfajiri, injini inaanza kupashwa mapema. Katika riwaya yangu marehemu anasemekana alikuwa amelala, hana safari. Mpelelezi anafungua kisanduku cha maegesho yake. Saa imetegeshwa kwa ajili ya safari ya usiku wa manane. Nani alikuwa anamsubiri? Hapo kundi zima la WhatsApp halikulala.

Hilo la waya hakuna aliyenifundisha. Nililiona kwa sababu kila siku nachomoa na kuchomeka, vidole vinauma. Mwandishi ni macho. Wengi wenu mnapita mnatazama simu, halafu mnasema hamna cha kuandika.

Saa yangu ya tatu ni mgodi. Kiruna inakaa juu ya mgodi wa chuma wa kampuni ya LKAB, na usiku, karibu saa saba na nusu, wanalipua miamba chini. Mgeni anaamka akidhani ni tetemeko. Sisi tunageuka upande wa pili. Kwa hiyo shahidi wangu, bibi mwenye usingizi mwepesi, hana haja ya kuangalia ukutani: mlango wa jirani aliusikia baada ya mlipuko, vikombe vikiwa bado vinagongana kabatini. Kama muuaji wako anaishi mji wenye sauti kama hiyo na hukuitumia, unanitia uchungu.

Nyayo nazo. Wote mnaandika nyayo zilizodidimia. Mzee mmoja ninayemhudumia, mchimba madini mstaafu, aliniambia nikamwona mwongo mpaka nikaziona mwenyewe: nyayo zilizoinuka. Mtu akikanyaga, theluji ya chini ya soli inashindiliwa inakuwa ngumu. Upepo ukija unapeperusha ile laini ya pembeni, na ile ngumu inabaki imesimama, vijiguzo vyenye umbo la kiatu, safu nzima kuelekea ziwani. Mpelelezi mgeni kutoka Stockholm alipita kando yake hakuiona. Wa mji aliiona. Mnaona mambo?

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia, na nitajivuna, mnisamehe. Mtu anayekufa kwa baridi, mara nyingine, karibu na mwisho, anavua nguo. Mishipa ya ngozini iliyokuwa imejibana inaachia, damu ya moto inarudi juu, anahisi anaungua. Anavua koti, sweta, hata viatu, anakutwa nusu uchi kwenye theluji, na asiyejua atadhani amebakwa. Waandishi wengi wakigundua hilo wanalitumia moja kwa moja: ilidhaniwa mauaji, kumbe baridi. Mimi nikaligeuza. Muuaji wangu analijua. Anamuua mtu, anamvua nguo, anazitawanya, ili polisi waseme ni ajali ya baridi wafunge faili. Na wanakaribia kufunga. Kinachomponza ni shati. Vifungo vimefunguliwa kimoja kimoja, vizuri, mpaka vya mikononi. Mtu anayeganda vidole vyake ni vijiti, angeling'oa shati zima. Kifungo kimoja tu kingekuwa kimekatika, muuaji angezeeka salama.

Ihamishie Lushoto hiyo.

Kosa ninaloliona kwenye miswada mnayonitumia ni giza. Mnasikia jua halichomozi, mnaandika giza totoro saa ishirini na nne. Hapana. Jua tunalikosa kama wiki tatu, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, lakini mchana kunakuwa na mwanga wa buluu kwa saa kadhaa, na theluji inaurudisha. Mbalamwezi ikiwaka unaona mtu toka mbali. Shahidi anaweza kuona, ila rangi ya koti hawezi kuiapia. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi, msiitupe.

Na punguzeni kueleza baridi. Nyuzi 30 kwa msomaji wa Mbagala ni namba tu. Mwambie nywele za puani zinaganda ukivuta pumzi ya kwanza. Mwambie simu yenye nusu ya chaji inazima mfukoni. Inatosha, endelea na kesi.

Kijana wangu wa Makete, kuhusu kuandika mahali usipopajua: inawezekana, kwa kazi. Pitia picha za mitaa kwenye intaneti, soma rekodi za hali ya hewa, soma habari za mji wenyewe. Kiruna sasa unahamishwa, kwa sababu uchimbaji unaifanya ardhi ipasuke. Katikati ya mji mpya ipo kama kilomita tatu mashariki, na Agosti 2025 kanisa lao la mbao la mwaka 1912, tani 672, lilisafirishwa zima zima juu ya magurudumu kilomita tano. Majumba ya zamani yanabomolewa, na chini ya nyumba kuna mambo. Na Sweden mauaji yaliyofanyika tangu Julai 1985 hayafutwi na muda. Hapo nimekupa riwaya bure, ichukue.

Au fikiria tena kwenu. Umande unaoganda Kitulo mwezi wa saba unashika nyayo alfajiri, jua likipanda zimekwisha. Mpelelezi ana saa mbili tatu tu. Kiruna saa hizo hatuna, theluji yetu inakaa mpaka Mei. Ni hadithi nyingine kabisa, na nani mwingine ataiandika kama si wewe?

Fanya kazi, acha kuomba ruhusa. Mimi ningesubiri yule mhariri, muswada ungekuwa unaliwa na mende. Niligawa sura, nikarusha kila Ijumaa, watu wakalipa kwa simu, wa Mbagala wakiwemo, tena wengi. Theluji ikawahusu. Andika kila siku, soma sana, usikate tamaa, najua mmechoka kuyasikia hayo, lakini mnaoyafanya mko wangapi?

Kitabu cha pili nimeanza. Safari hii ni Juni. Toka mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Julai jua halizami hapa, usiku wa manane watu wanapaka rangi nyumba zao. Muuaji hana giza, hana theluji, na mbu ni wengi kuliko wa Pangani. Nimekaa wiki nzima natafuta atamfichaje mtu, na jana nikiwa nampimia bibi mmoja dawa nimepata. Sura ya kwanza ni Ijumaa ijayo, kiingilio kile kile, namba ya malipo mnayo.