Injini Inagonga: Kabla Hujagusa Taimingi

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina pikipiki ya 125, mipigo minne, inayotumia CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachopanga cheche ya plagi. Nikipanda mlima kwa gia ya nne nimebeba mtu, injini inatoa mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila resi, mlio hausikiki kabisa. Fundi mmoja anasema beringi ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krankishafti, mhimili mkuu wa injini) imekwisha, mwingine anataka kurudisha nyuma taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usimruhusu yeyote kati yao afungue kitu kwanza. Mlio unaotoka injini ikiwa imelemewa tu, yaani resi kubwa na mizunguko midogo, kwa kawaida ni kugonga kwa mwako. Plagi ikishatoa cheche, moto husambaa ndani ya chemba kuelekea pembeni. Mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki huko pembeni huzidi kubanwa na kupata joto, na ukizidiwa hulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mlipuko huo ndio unaotikisa chuma hadi ukausikia. Ukiachwa uendelee, hula kingo za pistoni, huvunja ringi na mwisho hutoboa pistoni.

Fanya jaribio hili palepale mlimani: mlio ukianza, punguza resi kidogo au shusha gia moja. Ukikatika papo hapo, ni mwako. Beringi ya konrodi haitulii hivyo. Yenyewe hutoa mlio mzito kutoka chini, unaokwenda na mizunguko, na mara nyingi husikika zaidi unapoachia resi ghafla. Pistoni iliyolegea nayo hugonga injini ikiwa baridi, kisha hupungua ikipata moto.

Halafu fungua plagi uiangalie juani. Vidoa vidogo vyeusi au vipunje vya alumini vinavyong'aa kwenye kaure nyeupe ni alama ya kugonga kwa mwako. Vile vya alumini vimetoka kwenye pistoni yenyewe, kwa hiyo usiendelee kubebea abiria. Soma na namba ya plagi. Kwa NGK, namba ikiwa ndogo plagi ni ya moto zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Mtu akikufungia NGK ya namba 6 mahali pa 7, ncha yake hubaki na joto kupita kiasi na inaweza kuwasha petroli hata kabla ya cheche.

Baada ya hapo fuata mambo haya kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda gumu. Maliza petroli iliyomo, weka yenye oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) inayotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, kisha panda mlima uleule. Safisha matope kwenye mapezi ya kupozea silinda na kagua kiwango cha oili. Chunguza kama kuna hewa inayoingia kwa wizi kati ya kabureta na kichwa cha silinda: injini ikiwa sailensa, pulizia maji kidogo kwenye ule mpira na kwenye gasketi zake. Mlio wa injini ukibadilika, pana ufa, na ufa huo unaongeza hewa na kupunguza petroli, hivyo chemba inapata joto zaidi. Jeti kubwa (tundu la petroli ndani ya kabureta) iliyoziba nusu huleta shida hiyohiyo, na huonekana zaidi kwenye resi kubwa.

Kama pikipiki inatoa moshi wa bluu, zingatia sana hili: oili inayopanda kwenye chemba hupunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, na huacha kaboni. Tabaka la kaboni juu ya pistoni linapunguza nafasi ya chemba, mgandamizo unapanda, na vipande vyake vinabaki vyekundu kama kaa. Hapo ni kufungua kichwa. Lainisha kaboni kwa mafuta ya taa, uikwangue kwa kijiti au plastiki ngumu, kamwe si kwa bisibisi, kisha ufunge gasketi mpya yenye unene uleule wa awali. Gasketi nyembamba nayo hupandisha mgandamizo.

Taimingi inakuja mwisho. Kwenye CDI haisogei yenyewe bila kitu kuvunjika, kulegea au kubadilishwa.

SWALI: Baada ya kubadilisha CDI, pikipiki yangu inarusha kiki nyuma na inagonga. Nitapimaje taimingi mwenyewe?

JIBU: Kiki ikirudi kwa nguvu, cheche inatoka mapema mno. Azima taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapotoka, na uiunge kwenye betri nyingine ya volti 12, kwa sababu umeme wa pikipiki ndogo mara nyingi hautulii. Pasha injini joto. Fungua kifuniko kidogo cha dirisha la magneti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krankishafti. Kama magneti yako inazunguka ndani ya oili, itamwagika kidogo, weka kitambaa chini. Bana klipu ya taa kwenye waya wa plagi.

Weka sailensa kama kitabu kinavyosema; kwa injini nyingi ndogo ni karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Mulika dirishani. Mstari wa magneti wenye herufi F unatakiwa ulingane na alama ya kwenye kava. Herufi T si ya cheche, ni pale pistoni inapofika kileleni, na wengi hukosea hapa. Sasa panda taratibu hadi mizunguko 3,500 au 4,000: magneti inatakiwa ionekane kusogea mpaka alama ya kava iwe kati ya ile mistari yake miwili iliyo pamoja.

Ukitaka kujua imepotoka kiasi gani, pima kwa rula kwenye ukingo wa magneti. Kwa magneti yenye kipenyo cha milimita 115, digrii 1 ni karibu milimita 1.

F ikikaa sawa kwenye sailensa lakini alama inaruka mbali au mapema resi inapopanda, CDI hiyo ni ya injini nyingine. Soketi kuingia haimaanishi inafaa, kwa kuwa kila CDI imepangiwa namna yake ya kuwahisha cheche. Rudisha ya aina sahihi. F yenyewe ikiwa imepotoka, vua magneti kwa puli yake (kifaa cha kuivuta nje), usiipige nyundo, uangalie kii: kile kipande cha nusu duara kinachoishikilia kwenye krankishafti. Nati ikilegea, kii hukatika nusu na magneti huhama. Badilisha kii, futa koni zote mbili mpaka zikauke, kaza nati kwa kipimo cha kitabu. Tunapinga kabisa kutanua matundu ya sahani ya pikapu (kihisio kinachoiambia CDI itoe cheche) kwa tupa ili kuficha kii iliyokatika.

SWALI: Yangu ni ya zamani, ya platini (vile vidole vinavyofunguka na kukata umeme ili cheche itoke) na koili ya betri. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye mwanya wa platini, kwa sababu kuutanua peke yake kunawahisha cheche. Zungusha injini hadi platini ifunguke kabisa, uweke milimita 0.30 hadi 0.40 kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kisha unga balbu ndogo kati ya waya wa platini na bodi ya injini, washa swichi, zungusha injini kwa upande inaokwendea. Balbu iwake F inapolingana na alama. Ikiwaka kabla, sogeza sahani ya platini kidogo kufuata mzunguko; ikichelewa, irudishe kinyume.

Platini inapolika, mwanya hupungua na cheche huchelewa. Kwa hiyo kama injini ya platini imeanza kugonga bila kuguswa, tazama springi za vile vizito vinavyowahisha cheche. Zikilegea, vizito hufunguka mapema, na injini inapata cheche ya mizunguko mingi ikiwa bado kwenye michache.

SWALI: Nikiweka petroli ya oktani kubwa kuliko ya kitabu, nitapata nguvu?

JIBU: Hapana, kama injini haigongi. Oktani haiongezi nguvu kwenye petroli, inaizuia tu isilipuke kabla ya wakati wake.