Hiyo laki unayosema inabaki, mwezi uliopita ilikwenda wapi?

Waulize vijana waliooa juzi juzi mwisho wa mwezi wanabakiwa na ngapi, watakupigia hesabu kichwani hapo hapo: mshahara huu, kodi hii, umeme, maji, sokoni, nauli, basi inabaki laki na kitu. Tena anakwambia kwa uhakika. Sasa muulize laki ya mwezi uliopita iko wapi, anacheka. Na wala hajanunua simu mpya, wala hajaenda popote kula raha, pesa imekwenda tu.

Mimi nnavyoona ile laki haijapotea, ilikuwa na wenyewe zamani. Hesabu zetu tunazipiga kwa mwezi kwa sababu mshahara unaingia kwa mwezi, lakini gharama kubwa za nyumba za huku kwetu Zanzibar haziji kwa mwezi, zinakuja kwa mwaka, na nyengine zinafuata mwezi wa kiislamu ambao haujali muajiri wako analipa tarehe ngapi.

Tuanze na kinachoingia. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka 300,000 hadi 347,000. Toa asilimia 7 ya ZSSF, ule mfuko wetu wa hifadhi ya jamii (muajiri anatia 13 zake, hizo utazionja ukistaafu inshaallah) unabaki na 322,710. Na hapo hatujagusa mkopo wa benki, ambao wengi wetu unakatwa juu kwa juu kabla mshahara haujakuona. Sasa nyumba ikiacha elfu 10 kwa siku ya sokoni, mchele kidogo, samaki, nazi, tungule, mafuta, mkate wa asubuhi na sukari, kwa mwezi ni 300,000. Zimebaki 22,710. Kodi bado, Tukuza (umeme wa kulipia kabla) bado, nauli ya daladala bado. Ndo maana ukiingia nyumba nyingi za Unguja hukuti kipato kimoja, baba ana kazi yake asubuhi na jioni yuko kwenye bodaboda, mama anauza maandazi na barafu, bibi kijijini ana kamba zake za mwani. Mtu akikwambia anaishi kwa mshahara mtupu muangalie vizuri.

Bili zenyewe za kila mwezi sitokaa nazo sana kila mtu anazijua. Nitasema moja tu, ukiandika maji usiandike kile kikaratasi cha mamlaka ya maji, ZAWA, peke yake. Kama mtaa wenu maji yanakuja kwa kusua sua na mnavuta kwa pampu, basi sehemu ya bili ya maji iko ndani ya Tukuza, na siku umeme haupo iko kwa kijana wa madumu. Nimeona watu wanalaumu friji miezi na miezi kumbe mlaji ni pampu.

Sasa twende kwenye zile za mwaka, hapa ndo penyewe. Chukua karatasi, kalamu, kaa na mwenzio, andika kila kitu ambacho kinakuja mara moja au mbili kwa mwaka. Januari skuli, serikalini ada hamna lakini sare zipo, viatu vipo, mabuku, mikoba, twisheni, na chuoni kwa maalim wa Kurani nako kuna chake. Ramadhani, futari yenyewe, mihogo na ndizi na viazi vinavyopanda bei wiki ile ile ambayo kila mtu anavitaka, tende, na wageni. Zakatul-fitri, pishi kwa kila kichwa mlicho nacho ndani. Nguo za sikukuu za watoto, na huku sikukuu ni siku nne, siku zote nne mtoto anataka atoke na apewe mkono wa Idd. Harusi, ambazo zinajazana kabla ya mfungo na tena Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mchango huku, sare kule, mara shoga yako wa kazini mara binti wa jirani. Misiba haina ratiba lakini haikosi. Na kama nyie ni Wapemba mnaoishi Unguja kama sisi, basi kuna boti ya kwenda na kurudi na familia nzima, na huendi kwa wazee mikono mitupu.

Mfano, usichukulie kama ndo kipimo cha kila mtu. Nyumba inaingiza 700,000 kwa jumla, na bili zote za mwezi pamoja na kodi ni 580,000. Inabaki 120,000, si ndio? Haya ongeza za mwaka: skuli watoto watatu 240,000, ziada ya Ramadhani 300,000, Idd mbili 250,000, harusi na misiba 200,000, safari ya Pemba na matengenezo ya hapa na pale 210,000. Jumla milioni moja na laki mbili. Gawa kwa 12, laki moja kila mwezi. Kwa hiyo ile 120,000 yako ni 20,000. Hiyo ndo unayoweza kusema yangu, nikitaka niile urojo wa mix nikitaka nitie benki, zile nyengine ni za Ramadhani na za Januari zimekaa kwako kwa muda tu.

Na kuna jambo naona watu hawalitilii maanani kabisa. Mwaka wa kiislamu ni mfupi kwa kama siku 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Wakati Ramadhani ilipokuwa Juni na Julai mzazi alikuwa anapumua, skuli Januari, mfungo katikati ya mwaka, unapata nafasi ya kujikusanya. Sasa angalia, 2025 mfungo ulianza mwanzo wa Machi, 2026 katikati ya Februari, 2028 utakuwa mwishoni mwa Januari, na 2029 katikati ya Januari (mwezi ukiandama lakini). Yaani sare za skuli na futari vinakuja mlango mmoja, na mshahara wa Disemba tunaujua ulivyo, unawahi halafu unakaa siku nyingi kuliko zote. Alafu 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Disemba. Aliyezoea kusema ntaanza kujiandaa Rajab, miezi miwili kabla ya mfungo, ajue Rajab yake itakuwa Novemba, wakati hata sare hajaziwaza.

Kwa wenye karafuu hesabu ya kugawa kwa 12 haifai. Karafuu ina msimu mnono na msimu mkavu, mwaka huu mikarafuu inaelemewa mwaka wa pili unapata za kuokota. Ndugu zangu wa Wete kule Pemba huwa nawambia gawa kwa 24. Pesa ya msimu mzuri, ukishawalipa wachumaji pishi zao na ukishafuta deni la dukani, iliyobaki ihesabu kama inalisha miaka miwili. Wanaona nawabania, mana msimu ule ndo wa kuezekea na wa kuolea, lakini mwaka unaofuata daftari la duka linafunguliwa tena na majina ni yale yale.

Jambo jengine gumu ni pesa ya nani. Kisheria ya dini yetu matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na pesa ya mke ni yake. Mimi sibishani na hilo na wala sitaki kina mama waje wanivamie. Ila kwenye karatasi muandike ukweli. Kama sare za watoto kila mwaka mama ndo anazitoa kwenye maandazi yake, iandikwe kwamba mama anatoa, sio baba anajisifu nyumba yangu inabaki laki huku hajui viatu vya mtoto vilinunuliwa na nani. Kuna wake wanaficha kipato wasije wakaachiwa mzigo wote, na kusema kweli siwalaumu. Mume akitaka kuonyeshwa aanze yeye kuonyesha salary slip yake, pamoja na yale makato ya mkopo ambao mke hajawahi kuusikia.

Ukishajua laki moja si yako, iondoe siku ile ile mshahara unapoingia. Ikilala kwenye simu haiamki. Mchele nunua polo (gunia) zima mwezi ambao huna kitu kikubwa, ukinunua kilo moja moja mpaka mwaka uishe umeshalipa polo la jirani, na Tukuza nunua ya mwezi mzima mara moja ujue ulipoanzia. Harusi za wasiokuhusu sana peleka mkono wako na dua, sare waachie wenye uwezo, watakusema siku tatu.

Na kubwa kuliko zote kwangu ni upatu. Benki pesa unaweza kuitoa usiku wa manane ukishikwa na hamu, lakini upatu una watu na watu wana midomo, utatoa tu. Lakini usikubali namba yoyote unayopewa. Kwa miaka hii unayotaka ni zamu ya Novemba au Disemba, upokee kabla ya skuli na mfungo havijagongana. Muone kijumbe, yule anayeusimamia upatu, mapema, wakati mchezo haujaanza, kwa sababu mkishafika watu kumi kila mmoja anaitaka zamu hiyo hiyo.