Jibu: Asasi za kiraia enzi za chama kimoja

Ndugu yangu, umeuliza kama asasi za kiraia, yaani vyama na vikundi ambavyo watu huunda wenyewe nje ya serikali, zilikuwa na kazi yoyote hapa Tanzania enzi za chama kimoja, au ni mambo ya wafadhili wa miaka ya 1990. Zilikuwepo zamani. Huku Tanga wafanyakazi wa mkonge walikuwa na chama chao, tena chenye meno, kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ikavunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, kilichofungamana na TANU, chama tawala. Yaani walimezwa. Vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa 1976.

Vilivyosalia ni vidogo: vikundi vya kuzikana, vya ngoma, kamati za misikiti na parokia. Wasomi wengi huvipuuza, mimi sivipuuzi: humo watu walichaguana viongozi na kudaiana hesabu ya fedha bila kumsubiri katibu wa tawi la chama tawala.

Na mfumo wa vyama vingi vya siasa wa 1992 haukumaliza tatizo la serikali kuzibana asasi. BAWATA, baraza la wanawake, lilifungiwa na serikali 1997. Mahakama Kuu ikalipatia haki 2009, miaka kumi na miwili baadaye!

Kama unaandika utafiti, waulize wazee wa kikundi cha kuzikana hapo mtaani kwako waliendeshaje mambo miaka ya sabini.