Mada za hotuba za papo kwa papo kwa wanafunzi wa sekondari

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ni mada zipi zinazowafaa wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotakiwa kuhutubia bila maandalizi. Ushauri wangu ni kuchagua jambo ambalo mwanafunzi amelishuhudia mwenyewe, kwa sababu hana nafasi ya kutafiti, na mada pana kama "umuhimu wa elimu" humfanya akariri maneno ya wengine. Kwa mfano, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2019. Muulize kama soko la mtaani kwao limebadilika, naye atakuwa na la kusema. Swali la iwapo simu ziruhusiwe katika shule za bweni huzua hoja haraka, na vivyo hivyo la lugha ya kufundishia, ambalo kwa Tanzania lina uzito wa pekee, kwa kuwa wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha sekondari kwa Kiingereza. Mada zinazogusa misiba ya kifamilia ziepuke kabisa, maana mwanafunzi hakupewa muda wa kuamua ni yapi angependa kuyasitiri.