Ukitaka Kuandika Mji wa Chini, Chimba Ulipo

Juma lililopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia kuniuliza namna ya kutunga riwaya yenye ulimwengu wa kichawi uliofichika chini ya mji. Sura za kwanza anazo tayari, zina handaki, taa za kijani na mlango unaofunguka usiku wa manane, lakini hadithi imemkwama. Swali lake limenikuta wakati mzuri, kwa maana muswada wangu wa riwaya ya Mombasa ya chini, ambao mchapishaji mmoja aliwahi kunirudishia kwa maelezo ya mstari mmoja kwamba hadithi za majini ni za watoto, sasa umekubaliwa kwingine na mkataba nimeutia saini. Nadhani nina haki ya kusema mawili matatu, na sitajifanya mnyenyekevu.

Nilimjibu kwanza kwamba handaki lile si la Tanga. Riwaya nyingi za aina hii zimewekwa London, na zina njia za chini ya ardhi kwa sababu London inazo: treni zilianza kubeba abiria chini ya mji ule mwaka 1863, vipo vituo vilivyoachwa, kama Aldwych kilichofungwa mwaka 1994, na upo Mto Fleet, ambao ulifunikwa ukageuzwa mfereji wa maji machafu huku magari yakipita juu yake. Mwandishi wa kule hakulibuni giza lile. Alilikuta, akalitafutia wakazi. Sisi tukiliazima zima zima, msomaji wa Makorora, mtaa wa huko huko Tanga, hahisi kitu chini ya nyayo zake.

Na kijana huyu, jamani, anaishi kilomita chache tu kutoka mapango ya Amboni! Ni mapango ya mawe ya chokaa, watu hupeleka sadaka za mizimu humo mpaka leo, na husimuliwa kwamba njia zake zinafika hadi Mombasa. Sina haja ya kujua kama zinafika. Anayeandika fantasia amekwisha kupewa nusu ya kitabu na wazee wa mji wake, naye anahangaika na taa za kijani.

Mimi nilianza na maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu ambayo maji hupenya, na Mji wa Kale una visima vyake, vingine ndani ya misikiti. Katika miaka ya 1950 likaja bomba kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, na maji ya Mzima yenyewe ni mvua ya vilima vya Chyulu, iliyozama katika miamba ya volkano na kusafiri gizani kabla ya kuibuka. Nilipolielewa hilo, riwaya ilijipanga. Wakazi wa chini walikuwa na ushuru wao katika kila ndoo iliyotekwa. Bomba lilipofika, watu wakaziba visima kwa mbao na saruji, na tangu siku hiyo deni linahesabiwa. Mhusika wangu ni msukuma mkokoteni anayeuza maji kwa mitungi ya lita 20. Siku mifereji inapokauka mji mzima, anabandua mbao za kisima kilicho uani kwa marehemu bibi yake, anateremsha mtungi, na anapouvuta unapanda mtupu, ila kwenye kishikio chake imefungwa risiti kavu yenye jina la bibi na muhuri ambao wino wake bado unachafua vidole. Nilipoandika risiti ile, nilijua kwamba kitabu ninacho.

Kuna pia yule mwanamke mzuri wa usiku, mwenye buibui, harufu ya udi na kwato za punda, ambaye kila mtoto wa Mombasa ametishiwa naye. Wenzangu humtumia kumwogofya dereva wa teksi, kisha hawana la kumfanyia tena. Kwangu yeye ni karani wa madeni, na kwato ni za kazi, kwa kuwa ngazi za kule chini zina ute na mwenye nyayo laini huteleza. Kila ajabu ipewe kazi. Hata ile njia ya Fort Jesus iliyochongwa ndani ya jabali kushuka upande wa baharini, ambayo mtu yeyote angeijazia mizuka ya wale waliokufa ngome ilipozingirwa na Waomani, 1696 hadi 1698, nimeifanya forodha tu, na mizuka yenyewe inapanga foleni.

Wala msiniambie hayo ni ya watoto. Mstari ule sijausahau. Riwaya inayouliza nani anamiliki maji, nani aliziba kisima na nani atalipa, ni riwaya ya watu wazima, hata kama anayeuliza ana kwato. Vijana wenzangu wa kalamu, acheni kuona haya kwa majini yenu na kuyastahi ya wengine. Keti na mzee anayejua kisima kilikuwa wapi. Uliza mji unakunywa maji ya wapi, na taka zake zinakwenda wapi. Kisha uliza tena, maana jibu la kwanza huwa ni la kukufukuza.

Aliniuliza mwishoni kama aweke ramani katika kurasa za mbele. Mchapishaji wangu anaitaka sana, nami nimekataa, kwa sababu msukuma mkokoteni wangu hana ramani, na sitaki msomaji ajue kabla yake kisima kipi kinatokea wapi. Bado tunabishana.