Kufufua boti ya zamani ya alumini nyumbani: anza na kisicho alumini

Boti ya alumini ya miaka 40 au 50, iliyoachwa nyuma ya ghala mpaka majani yakaota katikati ya trela, huuzwa kwa bei isiyofikia hata ya injini ndogo iliyotumika. Wanunuzi wengi hutazama rangi iliyobanduka na mabonde ya hapa na pale, wakadhani hiyo ndiyo kazi inayowasubiri. Mimi nimefufua boti za namna hiyo kwenye gereji ya nyumbani kwangu hapa Minnesota, na maoni yangu ni kwamba bati lenyewe ndilo la mwisho kukusumbua. Kinachoiua boti ya alumini ni vile vitu vilivyoshikanishwa nayo: mbao, povu la kuelea, skrubu za chuma kingine na ribiti (pini za kubana bati) zilizolegea. Ukianza na rangi, utaipaka mara mbili.

Boti hizi zina undugu na ndege. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikimalizika, viwanda vya Marekani vilikuwa na mashine, mafundi na ujuzi wa kuunganisha bati jembamba kwa ribiti, na soko la ndege za kivita lilikuwa linafungwa. Grumman, iliyounda ndege hizo, ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini mwaka 1945. Huku Minnesota, kampuni ya Lund ilianza katika mji mdogo wa New York Mills mwaka 1948. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, kwa hiyo si ajabu kwamba karibu kila mtaa una boti ya futi 14 imelala mahali fulani. Nayataja haya kwa sababu asili hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuzitengeneza. Kwenye boti ya ribiti, bati mbili hulaliana, katikati huwekwa kizibo laini, kisha safu ya ribiti huzibana. Ukimpelekea fundi wa kuchomelea maungio ya aina hiyo, moto utalipinda bati jembamba, utaunguza kile kizibo na kulegeza ribiti za jirani, nawe utarudi na tundu moja limezibwa na mengine mapya yamezaliwa.

Kabla ya kutoa pesa, shika sehemu ya juu ya tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba injini, uisukume na kuivuta kwa nguvu. Ikinesa, mbao zilizo ndani yake zimeoza. Igonge pia kwa mpini wa bisibisi kutoka juu hadi chini, maana mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, na iliyooza hujibu kwa mlio mzito usio na mwangwi. Kisha fungua kizibo cha kutolea maji, inua omo (sehemu ya mbele) kidogo, na usubiri. Maji meusi yakitiririka polepole kwa muda mrefu, ilhali mvua haijanyesha wiki nzima, yanatoka kwenye povu lililo chini ya sakafu. Dalili kama hizo hazijawahi kunizuia kununua, lakini zimenisaidia sana kupunguza bei. Usisahau karatasi. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 kwenye tezi. Ilinganishe na usajili wa muuzaji. Za kabla ya hapo hazina namba hiyo, kwa hiyo muuzaji wa boti kongwe asiye na karatasi yoyote mwachie boti yake.

Nilikulia Pwani ya Kenya, ambako chombo cha mbao kikivuja fundi hukipiga kalafati kwa pamba na mafuta, na kikishakaa majini mbao huvimba na kujibana zenyewe. Alumini haina hisani hiyo. Tundu lililopo leo litakuwapo kesho, na mwakani litakuwa kubwa zaidi, kwa sababu ribiti iliyolegea hucheza kila wimbi linapogonga na kuzidi kujipanulia nafasi. Basi kazi ya kwanza ni kuyatafuta matundu, na njia iliyo rahisi ni kutia maji ndani ya boti badala ya kuitia boti majini. Ng'oa sakafu, fagia, osha, halafu acha upande wa nje ukauke kabisa. Itegemeze vizuri kabla ya kufungua bomba, maana boti imeundwa kushikiliwa na maji kila upande, si kukaa juu ya roli chache za trela ikiwa na mzigo tumboni. Maji ya kina cha sentimita 10 tu kwenye boti ya futi 14 yanakaribia kilo 400. Mimi huweka vipande vya mbao chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na pembeni, na kina hicho sikivuki.

Baada ya hapo lala chini ukiwa na tochi na kalamu ya nta, uzungushie alama kila ribiti inayotoa jasho. Usiwe na haraka. Tundu kubwa hujionyesha mara moja, lakini ribiti yenye kasoro ndogo hukusanya tone moja kwa dakika kadhaa, na tone hilo hutambaa kwenye bati na kudondokea mbali na lilikotoka. Lifute kwa kitambaa kikavu, sogeza tochi karibu, na utazame unyevu unakoanzia tena. Mara nyingi utagundua kwamba ribiti uliyoishuku ni nzima na mwenye kosa yuko futi moja juu yake, kwenye ungio la bati.

Ribiti iliyolegea bila kupasuka hukazwa pale pale ilipo, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine hugonga mkia wake kwa ndani, mapigo mafupi na mepesi, mpaka mkia ubonyee na kuzibana bati zote mbili. Kwangu anayeshika chuma ni kijana wangu. Siku tulipoanza aliniuliza, "Baba, nisukume kwa nguvu?" Nikamjibu, "Egemeza tu, mwanangu, ila usikiache kiruke." Chuma kikiachana na kichwa hata kidogo, pigo huliangukia bati badala ya ribiti, na sikio hulitambua papo hapo, kwa kuwa mlio unaotakiwa ni mfupi na mzito, si wa kuvuma kama kengele. Usipige zaidi ya inavyohitajika, kwani ribiti iliyopondwa kupita kiasi hupasuka ukingoni.

Iliyokatika au kuliwa kichwa itoboe katikati kwa keekee, uigonge itoke, kisha weka mpya ya alumini, ya unene uliozidi kidogo ikiwa tundu limepanuka, ukiichovya kwanza kwenye gundi ya boti. Zile ribiti za bunduki ambazo mtu mmoja anaweza kuzifunga peke yake ni nzuri kwa viti na vishikio, lakini zina uwazi katikati, na maji hupita humo humo. Ukilazimika kuzitumia chini ya mstari wa maji, tafuta zile ambazo ncha yake imezibwa kiwandani. Ribiti zote zikishakaa sawa, epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu) ya majimaji ikipakwa kwa ndani juu ya maungio husaidia sana; kabla ya hapo ni kuficha ugonjwa. Silikoni ya bafuni usiifikirie kabisa, maana haidumu, na mabaki yake hukataa rangi yoyote utakayoipaka baadaye.

Sasa tezi. Kwenye boti nyingi za futi 14, kati ya bati mbili za nyuma kuna ubao wa unene wa inchi 1.5 hivi, na huo ndio unaobeba uzito na msukumo wote wa injini. Utoe, hata kama ni kwa vipande, lakini hifadhi ukingo wake kadiri unavyoweza ili uchore kielelezo kwenye katoni. Ubao mpya hupatikana kwa kugandisha plaiwudi mbili za inchi 0.75 kwa epoksi, huku zikibanwa usiku kucha. Hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema: huenda dukani wakachagua plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, wakiamini itadumu zaidi. Dawa hiyo ina shaba, na tangu ile ya aseniki ilipoondolewa kwenye matumizi ya majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, dawa nyingi zilizochukua nafasi yake zina shaba zaidi. Shaba iliyolowa ikigusana na alumini, alumini ndiyo huliwa. Nimeiona tezi ambayo ubao wake ulikuwa mzima kabisa wakati bati lililoufunika limegeuka unga mweupe, likitoboka kwa kidole. Tumia plaiwudi ya boti, au hata ya kawaida iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, uipake epoksi pande zote na kuzishibisha kingo mara kadhaa. Matundu ya bolti yatoboe makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi, kisha yatoboe upya kwa kipimo chake, ili maji yakipenya kando ya bolti yasikutane na mbao.

Kanuni hiyo ya shaba haiishii kwenye mbao. Sarafu ya Marekani ya senti moja, yenye shaba, ikidondoka na kukaa kwenye maji ya ngama (yaani tumbo la chini la boti) msimu mzima inaweza kulitoboa bati, kwa hiyo mifuko ya wageni wako iwe na zipu. Vifaa vya shaba nyekundu au ya njano visifungwe moja kwa moja kwenye alumini, na rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe wa majini haifai hata kidogo. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinakubalika kwenye maji yasiyo ya chumvi, mradi uzipake gundi ya boti ili zisigusane uso kwa uso na bati.

Povu la zamani lililo chini ya sakafu na ndani ya viti, likishanyonya maji, huongeza uzito ambao hutauelewa mpaka ulibebe kwa mikono. Wakati wa baridi maji hayo huganda, hutanuka na kusukuma maungio. Litoe, lakini usiache nafasi hiyo tupu, kwa sababu povu ndilo linaloizuia boti iliyojaa maji isizame chini yako. Rudisha ujazo ule ule ulioutoa au zaidi. Kila lita ya povu kavu hubeba karibu kilo moja. Mabamba ya polistirini yanayouzwa kwa ajili ya kuta za nyumba hufaa na bei yake ni nafuu, ila petroli huyayeyusha, basi usiyaweke jirani na tangi.

Kuna mtindo ambao siupendi, nao ni wa kukata viti vya katikati na kujenga jukwaa la mbao juu yake ili boti ifanane na zile za mashindano ya uvuvi. Viti hivyo, pamoja na mataruma (viunzi vya ndani), ndivyo vinavyoshikilia mbavu za boti zisifunguke, na mara nyingi ndani yake ndimo lilimo povu. Plaiwudi moja nzima ya inchi 0.75 ina kilo zipatazo 30, na ukisimama juu ya jukwaa refu, boti nyembamba huyumba kwa namna itakayokukalisha haraka. Sakafu nyepesi iliyo chini, inayong'oka kwa skrubu chache ili uweze kukausha ngama, inatosha.

Rangi ije mwisho. Ile ya zamani inayoshika vizuri isugue tu iwe na ukwaru. Si lazima kuivua yote. Inaweza kuwa na madini ya risasi, na rangi ya msingi ya kijani-manjano iliyopakwa kwenye alumini nyingi za zamani ina kromati, ambayo husababisha saratani, kwa hiyo sugua kwa msasa wa maji, vaa barakoa ya kichujio, na uzuie watoto kuingia gerejini. Usitumie brashi ya nyaya za chuma, kwani chembe zake hubaki kwenye bati na kuanzisha kutu, wala sabuni kali za magadi, ambazo hula alumini yenyewe. Penye bati tupu, paka praima (rangi ya msingi) yenye tindikali siku hiyo hiyo uliyosugua, kabla utando mpya wa oksidi haujajijenga. Huku kwetu nafanya ribiti na mbao majira ya baridi, na rangi huisubiri Mei, maana rangi nyingi na hata epoksi hazikauki ipasavyo chini ya nyuzijoto 10.

Trela ikague kwa makini ule ule: beringi, tairi zilizopasuka ubavuni, taa. Siku ya kwanza ziwani, ishushe boti ikiwa bado imefungwa kwenye trela, panda, na utazame ngama kwa robo saa kabla ya kuwasha injini. Mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kuokolea, na sheria ya Minnesota inataka hivyo boti inapokuwa safarini. Unapoondoka, sheria hiyo hiyo inakutaka utoe kizibo na usafiri kikiwa nje, ili usihamishe kome wageni kutoka ziwa moja hadi jingine. Kifunge kwa kamba kwenye funguo za gari ili usikisahau unaporudi. Baada ya safari chache za mwanzo, chukua spana uzikaze tena bolti za injini, kwa sababu ubao mpya hubonyea kidogo unapozoea mzigo.